Modbus, IEC 103, DNP3 au IEC 61850: rilei yako iongee itifaki gani?

Rilei nyingi za ulinzi (vifaa vinavyopima umeme na kuamuru breka ikate panapotokea hitilafu) zinazofungwa Dar es Salaam siku hizi, iwe kwenye swichigia ya 11 kV ya kiwanda cha Chang'ombe au kwenye paneli ya fida (laini inayopeleka umeme kwa wateja) ya 33 kV, zinakuja na itifaki, yaani lugha za mawasiliano, tatu au nne ndani ya kasha moja. Karatasi ya muuzaji inaziorodhesha kwa mstari mmoja, kana kwamba zinatofautiana jina tu. Fundi akifungua menyu ya mawasiliano anakutana na anwani, kasi, pariti, poti na orodha ya pointi, na bosi wa kiwanda amesimama nyuma yake: "Fundi, si ionekane tu kwenye kompyuta?"

Ionekane kwa nani, na ionekane nini? Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Kwanza tuondoe hofu moja: itifaki haigusi ulinzi wenyewe. Mkondo wa kuanzia, mkunjo wa muda, uwiano wa CT (transfoma ya kupima mkondo), vyote vinabaki palepale. Ukikata waya wa mawasiliano kwa koleo, rilei bado itatripu (itakata) breka ikiona hitilafu. Jambo hili lina sura tofauti mahali pamoja tu, kwenye GOOSE ya IEC 61850, ujumbe wa haraka kati ya rilei na rilei, nami nitafika huko.

Msimamo wangu nautoa mapema. Usianze na rilei, anza na upande wa pili wa waya. Uliza nani anasikiliza na anajua itifaki ipi. Kisha uliza kama, baada ya hitilafu, kuna mtu atakayetaka kujua kipi kilitangulia kwa milisekunde. Ukiyajibu hayo mawili, itifaki mbili au tatu zinajiondoa zenyewe kwenye orodha.

Modbus: rahisi, na udhaifu wake uko wazi

Modbus ilitoka mwaka 1979 katika kampuni ya Modicon ya Marekani, kwa ajili ya vidhibiti vya viwandani. Haikuundwa kwa ajili ya ulinzi wa umeme. Imedumu kwa sababu kila kitu kinaielewa: mita, jenereta, inveta za sola, vidhibiti vya pampu, programu za bei nafuu.

Inavyofanya kazi, masta (kompyuta au kifaa kinachokusanya data) anauliza na rilei inajibu. Rilei ya Modbus ni kama mlinzi wa geti anayejibu akiulizwa tu: ukimuuliza kama kuna mtu ndani atasema yupo au hayupo, lakini hatakuambia aliingia saa ngapi, wala kwamba mwingine aliingia akatoka kabla hujauliza.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme una rilei 12 kwenye mnyororo mmoja wa RS-485 (mawasiliano ya jozi ya nyaya), kasi 9600, biti nane, pariti (biti ya kukagua makosa) shufwa. Kila herufi inachukua biti 11, yaani milisekunde 1.15 hivi. Ukiomba rejista 50 (visanduku vya namba vya biti 16), swali lina baiti 8 na jibu lina baiti 105, jumla 113. Hapo umetumia kama milisekunde 130 kwenye waya peke yake. Ongeza muda wa rilei kufikiri na ukimya unaotakiwa kati ya ujumbe na ujumbe, unakaribia milisekunde 180. Mara 12, unazidi sekunde mbili kwa mzunguko mmoja. Ishara ya kuanza kwa ulinzi iliyodumu milisekunde 100 ikapotea haitaonekana kabisa, isipokuwa rilei yenyewe imeishikilia mpaka isomwe. Kwa hiyo, kwenye Modbus, hakikisha pointi za kutripu unazozisoma ni zile zinazobaki zimewaka hadi mtu azifute.

Hesabu hiyo inazidi kuharibika rilei moja ikizimwa kwa matengenezo. Kama masta amewekewa kusubiri jibu sekunde moja na kujaribu mara tatu, kila mzunguko unapoteza sekunde tatu kwa kifaa ambacho hakipo. Watu wa chumba cha udhibiti watasema "mfumo umekuwa mzito," kumbe ni seti moja ya muda. Milisekunde 300 zinatosha kwa rilei nyingi.

Mipangilio yenyewe ni michache. Anwani ni 1 hadi 247, na kila rilei kwenye mnyororo iwe na yake. Kasi, biti na pariti zifanane kila mahali. Kanuni ya Modbus inataka pariti shufwa, na usipotumia pariti uweke biti mbili za kusimama, ila vifaa vingi sokoni vinakuja bila pariti na biti moja. Hakuna ubaya, mradi vyote vikubaliane. Kwa Modbus ya Etherneti, poti ni 502, na rilei nyingi zinaruhusu wateja wachache tu kwa wakati mmoja. Laptopu ya fundi iliyoachwa imeunganishwa inaweza kumzuia masta.

Kinachokula saa za watu ni rejista. Kitabu cha rilei kinaandika 40101, lakini kinachosafiri kwenye waya ni 100. Programu nyingine zinapunguza zenyewe, nyingine zinataka upunguze wewe. Ukikosea unasoma fezi ya pili ukidhani ni ya kwanza, na kwa kuwa mikondo ya fezi hufanana, kosa linaweza kukaa muda mrefu bila mtu kushtuka. Jaribu kwa kuingiza mkondo kwenye fezi moja pekee.

Kisha kuna namba za biti 32 zinazokaa kwenye rejista mbili. Rilei moja inatanguliza rejista ya juu, nyingine ya chini. Dalili yake huwezi kuikosa: volti 11,000 zinaonekana kama 720,896,000. Ukiona namba ya aina hiyo usiguse uwiano wa transfoma za kupimia. Badilisha mpangilio wa rejista upande wa masta.

Na kufunga breka kwa Modbus? Inawezekana, kwa amri namba 05. Mimi siipendi. Itifaki haina hatua ya kuchagua kwanza ndipo utekeleze, haina nywila, na yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kutuma ujumbe uleule. Kama mteja anasisitiza, swichi ya hapa-au-mbali iwe ya waya halisi kwenye paneli, na amri ya kufunga ipite humo.

Waya wa RS-485, kabla hujalaumu itifaki

Naliweka hili katikati kwa sababu linagusa Modbus, IEC 103 na DNP3 ya waya kwa pamoja, na kwa jiji hili ndilo chanzo cha simu nyingi za usiku.

RS-485 inataka mnyororo: kutoka rilei ya kwanza kwenda ya pili kwenda ya tatu. Matawi kama ya mti hayatakiwi. Mwisho wa mnyororo, pande zote mbili, unaweka kizuizi cha ohm 120. Rilei nyingi zina swichi ndogo ya kukiwasha ndani. Ikiwashwa kwenye kila rilei, mzigo unakuwa mkubwa na mawasiliano yanakufa nusu nusu. Mita 1,200 ndiyo kikomo kinachotajwa, kwa kasi ndogo, na vifaa 32 vya kawaida kwa kipande kimoja.

Herufi A na B zilizoandikwa kwenye vituo vya waya hazina maana moja kwa watengenezaji wote. A ya mmoja ni chanya, ya mwingine ni hasi. Kama kila kitu kiko sawa na hakuna jibu hata moja, geuza nyaya mbili hizo kabla ya jambo lingine lolote. Haziungui.

Kebo ya mtandao ya kawaida, ile unayoipata Kariakoo kila duka la pili, ina impedansi ya ohm 100 badala ya 120. Kwa umbali wa paneli chache ndani ya chumba kimoja inafanya kazi, lakini A na B zikae kwenye jozi moja iliyosokotwa. Nimeona watu wakichukua rangi moja kutoka jozi hii na nyingine kutoka jozi ile, kisha wanashangaa. Kwa urefu zaidi, tafuta kebo ya RS-485 yenye ngao, na ngao uiunge ardhini upande mmoja.

Kutoka jengo kwenda jengo, au kutoka chumba cha udhibiti kwenda uwanjani kwenye breka za nje, tumia faiba. Wakati wa masika radi haiombi ruhusa, na hitilafu ya ardhini yenyewe inaweza kuinua volteji ya ardhi ya kituo kiasi cha kuunguza poti. Kurasini na Kigamboni kuna jambo la ziada, hewa ya chumvi: vituo vya waya vinaota kutu ya kijani, na mawasiliano yanayokatika kila siku yenye unyevu mwingi mara nyingi ni skrubu, hayahusiani na pariti.

IEC 60870-5-103: iliyotengenezwa kwa ajili ya rilei

Hii ilichapishwa mwaka 1997 kwa kazi moja tu: kuunganisha vifaa vya ulinzi na mfumo wa udhibiti wa kituo. Rilei za kutoka Ulaya za miaka ya mwisho ya tisini na elfu mbili zimejaa 103, na vituo vyetu vya kupoza umeme bado vinafanya kazi na vifaa vya umri huo.

Ukiilinganisha na Modbus, faida yake kubwa ni kwamba ujumbe una maana iliyokubaliwa. Kila ishara ina aina ya kazi na namba ya taarifa. Aina 160 ni ulinzi wa mkondo uliozidi, 128 ni ulinzi wa umbali, 176 ni tofauti ya mikondo ya transfoma. Namba 68 ni kutripu kwa jumla, 84 ni kuanza kwa jumla, 90 ni kutripu kwa hatua ya kwanza ya mkondo, 91 ya hatua ya pili. Ukibadilisha rilei ya kampuni moja kwa ya kampuni nyingine, ishara hizi za msingi zinabaki na namba zilezile. Kwenye Modbus ungeanza ramani upya kutoka sifuri.

Faida ya pili ni muda. Tukio linakuja na saa, dakika na milisekunde zilizogongwa na rilei yenyewe. Lakini angalia: mhuri huo hauna tarehe. Tarehe anaiongeza masta anapopokea. Mawasiliano yakikatika jioni na kurudi asubuhi, tukio la usiku linaweza kuingia kwenye orodha likiwa na siku isiyo yake.

Masta bado ndiye anayeuliza, ila ana namna mbili za kuuliza: data ya daraja la kwanza, ambayo ni matukio, na ya daraja la pili, ambayo ni vipimo vya kawaida. Rilei ikiwa na tukio, inainua kidole kwenye jibu lake la kawaida, na masta anaacha vipimo na kulichukua kwanza. Kwa hiyo mnyororo uleule wa rilei 12 haupotezi kutripu.

Mipangilio: anwani 0 hadi 254, kasi 9600 au 19200, pariti shufwa daima. Vipimo vinakuja kama sehemu ya kiwango cha juu, mara 1.2 au 2.4 ya thamani ya kawaida, na lazima masta na rilei wakubaliane ni ipi. Ukiona mkondo kwenye skrini ni nusu au mara mbili kamili ya ule wa kwenye rilei, umeshajua pa kwenda.

Mitego miwili inafaa kutajwa. Kwenye faiba, rilei nyingi zina seti ya mwanga wakati wa ukimya: taa iwake au izime. Ikipishana na ya masta hupati chochote, na mtu anaanza kusafisha vichwa vya faiba ambavyo havina uchafu. Mtego wa pili ni kuzuia ujumbe kwenda juu, seti inayotumika wakati wa majaribio ili chumba cha udhibiti kisijae ishara za uongo. Ikisahaulika imewashwa, rilei inaonekana hai, inajibu, lakini haitoi tukio hata moja. Wakati wa kukabidhi kazi, iangalie kwa macho yako.

Je, uchague 103 kwa mradi mpya? Hapana, isipokuwa unaongeza paneli moja kwenye kituo ambacho tayari kinaitumia. Hapo ichague bila kusita.

DNP3: kwa njia ndefu na mbovu

DNP3 ilitoka Kanada mwaka 1993, katika kampuni ya Westronic, na baadaye ikawa kanuni ya IEEE 1815, toleo linalotumika sana likiwa la 2012. Ilifikiriwa kwa ajili ya njia za mawasiliano zinazokatika: redio, simu, na siku hizi laini ya simu ya mkononi kwenye rikloza (breka inayojaribu kujifunga tena yenyewe) iliyoko nguzoni Mbagala au Bunju.

Rilei inaweka matukio kwenye ghala lake, kila tukio na muda wake kamili, tarehe ikiwemo. Masta akiuliza, rilei inatoa, na haifuti mpaka masta athibitishe amepokea. Njia ikikatika saa mbili, ikirudi unapata yaliyopita yote kwa mpangilio, mradi ghala lilikuwa kubwa vya kutosha. Ukiruhusu, rilei inaweza pia kuanza kusema yenyewe bila kuulizwa. Na kwa amri, kuna kuchagua kwanza na kutekeleza baadaye: masta anataja breka, rilei inarudia jina hilo, ndipo amri ya pili inakuja ndani ya sekunde chache zilizowekwa. Kwa breka ya mbali, hilo ni jambo la usalama wa watu walio kwenye laini.

Seti zinazohitaji akili hapa ni tatu.

Anwani zipo mbili, ya rilei na ya masta, kati ya 0 na 65519. Watu huweka ya rilei na kusahau ya masta; rilei inasikia swali lakini hailijibu kwa sababu haimtambui muulizaji. Kwenye Etherneti poti ni 20000.

Madaraja: daraja la 0 ni hali ya sasa ya kila kitu, na 1, 2, 3 ni matukio kwa umuhimu utakaopanga wewe. Mimi huweka kutripu na hali ya breka daraja la 1, kengele daraja la 2, vipimo daraja la 3. Kuna wanaorundika vyote daraja la 1. Kisha wanauliza mbona kutripu kunachelewa nyuma ya mabadiliko ya volteji.

Kizingiti cha mabadiliko ya vipimo ndicho kinachoamua bili. Kikiwa sifuri, kila ampea moja inayopanda ni tukio jipya, ghala linajaa vipimo na bando la laini ya simu linaisha kabla ya mwezi. Kwa fida yenye CT ya 400/1, kizingiti cha ampea 8 au 10 kinamtosha mwendeshaji yeyote. Hakuna anayeendesha mtandao kwa kuangalia ampea moja.

Laini ya simu, lakini, isiwe ya intaneti ya wazi. Poti 20000 au 502 iliyo wazi kwa dunia nzima itagunduliwa na programu za upekuzi mapema kuliko unavyofikiri. Omba mtandao wa faragha kutoka kampuni ya simu, au pitisha kila kitu kwenye VPN.

Ndugu yake DNP3 ni IEC 60870-5-104, ya mwaka 2000, poti 2404. Kwa mtumiaji zinafanana sana: matukio yenye muda, amri za hatua mbili, kujianzisha. Sitazipambanisha kwa urefu, maana uchaguzi kati yake si wako. Kama fida yako itaonekana kwenye kituo cha uendeshaji cha TANESCO, wao ndio watakaokupa itifaki, anwani na orodha ya pointi. Ipate kwa maandishi kabla ya kununua rilei, maana kuna rilei ambazo leseni ya itifaki moja inauzwa kando.

Saa tatu zinazopotea

DNP3 na IEC 61850 zinahesabu muda kwa UTC, saa ya kimataifa. Tanzania tuko mbele kwa saa tatu, na hatubadilishi saa kwa msimu. Rilei nyingine ina seti ya ukanda wa saa, masta naye ana yake. Zikiongezwa zote mbili uko saa tatu mbele ya saa halisi, zisipoongezwa uko saa tatu nyuma.

Kwetu hili lina utamu wake. Mwendeshaji anakuambia fida ilitoka saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Hiyo ni 02:00. Kwenye UTC ni 23:00, tena Jumatatu. Ukichapisha orodha ya rilei bila kujua iko kwenye ukanda gani, utabishana na mtu aliyekuwa macho na kuona taa zikizimika. Wakati wa majaribio, sukuma ishara moja, tazama saa ya ukutani, kisha tazama skrini. Na chanzo cha muda kiwe kimoja kwa kituo kizima: saa ya satelaiti inayogawa kwa SNTP (kupitia mtandao) au IRIG-B (kupitia waya wake). Rilei mbili zilizopishana sekunde tano zinaharibu uchunguzi kuliko rilei isiyo na muda kabisa, kwa sababu watu wanaziamini.

Kwa haraka, bega kwa bega

| Itifaki | Njia | Anwani au poti | Muda wa tukio | Rilei hujianzisha? |
|---|---|---|---|---|
| Modbus RTU | RS-485 | 1–247 | hakuna | hapana |
| Modbus TCP | Etherneti | poti 502 | hakuna | hapana |
| IEC 103 | RS-485, faiba | 0–254 | upo, bila tarehe | hapana, ila huashiria |
| DNP3 | waya au Etherneti | 0–65519, poti 20000 | upo kamili | ndiyo, ukiruhusu |
| IEC 104 | Etherneti | poti 2404 | upo kamili | ndiyo |
| IEC 61850 | Etherneti | poti 102, GOOSE haina poti | upo kamili | ndiyo |

IEC 61850: swali ni nani atatunza faili

Sehemu zake za kwanza zilitoka kati ya 2002 na 2005, na toleo la pili likaanza kutoka miaka michache baadaye. Tofauti na nyingine zote hapo juu, hapa hupangi rejista wala namba za pointi. Data ina majina: PTOC ni ulinzi wa mkondo wenye muda, XCBR ni breka, MMXU ni vipimo. Kituo kizima kinaelezwa kwenye faili moja, SCD, na kila rilei inachukua sehemu yake kutoka humo.

Kwa skada (mfumo wa kuangalia na kuendesha kituo kwa kompyuta), rilei inatuma ripoti. Chagua zile zinazohifadhiwa njia ikikatika. Kila mteja anahitaji nakala yake ya ripoti; ukiwa na seva kuu na ya akiba na lango (kifaa cha kutafsiri itifaki) la kwenda kituo cha uendeshaji, hao ni wateja watatu, na ukitenga nakala mbili wa tatu atabaki kipofu. Jina la rilei kwenye faili na kwenye kifaa lifanane herufi kwa herufi, kubwa na ndogo.

GOOSE ndiyo sababu halisi ya watu kuhamia huku. Rilei inarusha ujumbe moja kwa moja kwenye Etherneti, bila IP, kwenda anwani ya kundi inayoanza na 01-0C-CD-01, na kwa amri za kutripu lengo la kanuni ni milisekunde 3. Nyaya za shaba kati ya paneli zinapungua sana. Na tofauti na waya wa shaba, ambao ukikatika unakaa kimya hadi siku ya hitilafu, GOOSE hujirudia kila wakati, kwa hiyo ikikosekana kengele inalia.

Hapa ndipo mawasiliano yanapogusa ulinzi. Tuseme kwenye ubao wa 11 kV, rilei za fida zinatuma ishara ya kuizuia rilei ya breka ya kuingiza umeme isitripu haraka hitilafu ikiwa kwenye fida. Ishara ikipotea kwa sababu swichi ya Etherneti imezimika, rilei ya kuingiza ifanye nini? Ukiiacha ichukue "hakuna zuio," hitilafu ya fida moja itazima ubao mzima. Iweke ihamie kwenye muda wake mrefu wa kawaida kila GOOSE inapokosekana. Hiyo ni seti moja kwenye mantiki ya rilei, na haipo kwenye menyu ya mawasiliano, ndiyo maana hurukwa.

Upande wa GOOSE, kila ujumbe uwe na anwani yake ya kundi na APPID (namba ya utambulisho) yake, VLAN (kundi la mtandao ndani ya swichi) ifanane njia nzima, na kipaumbele kiwe 4. Namba ya toleo la mpangilio ikipishana kati ya mtumaji na mpokeaji, mpokeaji anakataa ujumbe hata kama vingine vyote ni sahihi. Hiyo hutokea fundi anapobadilisha rilei moja kwa laptopu bila kugusa faili ya kituo. Tazama pia swichi: swichi ya ofisini inaweza kuangusha ujumbe wenye alama ya VLAN isiyoijua, na haikuundwa kwa joto la chumba cha swichigia ambacho kiyoyozi kimekufa Februari. Nunua zinazokidhi IEC 61850-3.

Gharama ya IEC 61850 iko baada ya mradi. Mkandarasi akiondoka na SCD, au programu iliyoitengeneza ikiwa na leseni yake peke yake, siku ya kubadilisha rilei moja iliyoungua utalazimika kumwita tena kutoka alikotoka. Kwa hiyo kwenye mkataba andika kwamba SCD ya mwisho, pamoja na faili za kila rilei, zinakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho. Na uwe na mtu mmoja, kwa jina, anayezitunza. Kiwanda kisicho na mtu huyo nisingekishauri kuingia IEC 61850, hata muuzaji aseme ni bure.

Ningechagua ipi

Kiwanda cha Barabara ya Nyerere chenye rilei sita au nane, kinachotaka mikondo, volteji na hali ya breka kwenye skrini ya injinia wa matengenezo: Modbus TCP, kusoma tu. Rekodi za hitilafu zichukuliwe kwa programu ya rilei yenyewe. Kwa kiwanda inatosha, na fedha zilizobaki zinunue UPS ya swichi.

Kiwanda hichohicho kikiwa na jenereta zinazoshirikiana na gridi, ambapo mtu atauliza nani alitripu kwanza, Modbus haitoshi. DNP3 juu ya Etherneti inafanya kazi hiyo bila uzito wa faili za kituo.

Rikloza na fida za mbali kupitia laini ya simu: DNP3 au 104, kwa jinsi upande wa pili unavyosema.

Kituo kipya cha 132/33 kV chenye timu ya ulinzi: IEC 61850, na ningetaka GOOSE kwa kufungana na kuzuiana kati ya breka, huku kutripu kwa transfoma kuu kukiwa na waya wa shaba pia hadi timu iizoee.

Kituo cha zamani kilichojaa 103 kinachotakiwa kuonekana kwenye skada mpya: usibadilishe rilei nzima kwa ajili ya mawasiliano tu. Weka lango linalosoma 103 na kutoa 104 au DNP3. Swali la kumuuliza muuzaji wa lango ni moja: muda unaotoka juu ni ule uliogongwa na rilei, au ni wa lango lilipopokea? Mwambie akuonyeshe mezani, kwa kuchomoa faiba, kuitripu rilei, kusubiri dakika mbili na kuirudisha. Muda ukisoma wa pale faiba iliporudi, tafuta lango jingine.